Nani alichora ule mstari? Kusomea siasa za majanga ya afya hapa Mombasa

Kila nikisema nasomea siasa na muhula huu nimechukua yuniti ya majanga ya afya ya umma, watu wa nyumbani huniuliza swali lile lile, sasa mwisho wake utatibu watu ama utagombea kiti? Mjomba wangu ndiye huuliza kwa uchungu zaidi manake yeye ndiye ananisaidia karo, na ana haki ya kuuliza. Mara nyingi nimemjibu kwa mkato niko na haraka ya kuwahi matatu. Leo nataka kumjibu kwa urefu, yeye na kila mwenye swali kama lake, kwa sababu hii yuniti imebadilisha vile ninavyouona huu mji.

Kwa ufupi ni hivi. Ugonjwa wenyewe ni kazi ya daktari, muuguzi na watu wa maabara. Lakini ugonjwa ukishaingia mjini kuna mtu mahali anakaa kwa meza anaamua barabara gani ifungwe, soko gani lihamishwe, nani apite na nani arudishwe, hesabu gani isomwe kwa televisheni na gani ibaki ofisini, pesa zitoke mfuko gani na tenda apewe nani. Hakuna dawa hapo, hakuna sindano, ni uamuzi wa watu wenye mamlaka juu ya watu wasio nayo, na hiyo ndiyo siasa yenyewe. Mimi swali ambalo nimelishika yuniti nzima ni moja tu: mstari umepita wapi, na aliyeuchora ni nani.

Leksha wetu mwanzo wa muhula hakutuletea nadharia. Alikuja na ramani za Mombasa, kila kundi karatasi yake kubwa, kisiwa katikati, Likoni huku chini, Changamwe na Jomvu upande mmoja, Nyali na Kisauni upande wa pili. Akasema kuna maradhi yameingia, mnaruhusiwa kufunga sehemu moja peke yake, chukueni penseli mchore. Watu wakachora haraka haraka, kuna waliofunga ule mtaa wa mabanda unaoitwa Bangladesh, kuna waliofunga Majengo, kundi moja wakafunga Likoni yote, na mimi wa Likoni niko hapo hapo darasani nawaangalia. Halafu leksha akaanza kupita meza kwa meza akiuliza, na wewe wakaa wapi? Na wewe? Na wewe? Karibu wote walikuwa wanakaa nje ya mstari wao wenyewe. Kijana mmoja tu, mtu wa Kibokoni ndani ya Mji wa Kale, karatasi yake ilikuwa safi, hajachora kitu, ameandika maswali pembeni. Mkokoteni wa maji utaingilia wapi? Mwenye tanuri la mikate atatoka saa ngapi kununua unga? Tukifiliwa, jeneza litapita njia gani mpaka makaburini? Leksha akayaandika yale maswali ubaoni kama yalivyo na saa iliyobaki yote tukabaki nayo, na sidhani kuna mtu aliyeweza kuyajibu vizuri.

Huyo kijana hakuwa anawaza tu. Mei 6, 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza Mji wa Kale hapa kwetu na Eastleigh kule Nairobi zifungwe kwa sababu ya korona, hakuna kuingia hakuna kutoka, kwa siku 15. Muda ukaongezwa mpaka Juni 6 ambapo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hizo sehemu mbili zifunguliwe. Kumbuka Mombasa yote ilikuwa ishafungwa tangu Aprili 8 pamoja na Kilifi na Kwale, kwa hivyo mtu wa Mji wa Kale alikuwa ndani ya mistari miwili, mmoja wa kaunti na mwingine wa mtaa wake. Halafu angalia hizo tarehe vizuri. Ramadhani mwaka ule iliingia mwisho wa Aprili na Idi ikawa mwisho wa Mei. Wale wanaouza futari, mafundi wa kushona kanzu na nguo za watoto, wanaouza viatu, wote hao mwaka wao wa biashara huutengeneza mwezi ule mmoja, na mwezi wenyewe ulipita vizuizi vimewekwa na askari wamesimama.

Sababu ya kiafya ilikuwepo, sitaki mtu aseme naikataa. Maambukizi yalikuwa yanapanda Mji wa Kale, nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, familia kubwa chumba kidogo. Lakini serikali ilipotaka kupima watu kwa wingi, wengi walikataa kujitokeza, na magazetini na kwa redio lawama yote ikatupiwa wakaazi, ati ni wabishi, ati hawana elimu. Sasa jiweke wewe pale. Wiki kadhaa kabla yake watu waliopelekwa karantini walikuwa wanadaiwa bili ya kila siku ndipo watoke, na waliovunja kafyu nao walikuwa wanapelekwa karantini hiyo hiyo, yaani karantini imefanywa ya wagonjwa na imefanywa ya adhabu. Serikali ilikuja kusema italipia yenyewe vituo vyake mwanzoni mwa Mei, ule ule wakati Mji wa Kale unafungwa. Mtu wa kibarua, anayekula anachokipata siku hiyo, ukimwambia njoo upimwe na ukipatikana nacho utachukuliwa uwekwe mahali usipojua utatoka lini, akikataa mimi siwezi kumwita mjinga. Amepiga hesabu zake na hesabu zake ni sawa.

Na kuna jambo jengine ambalo darasani tulilizungumza kwa sauti ya chini lakini mimi nitaliandika. Eastleigh na Mji wa Kale zote ni sehemu zenye Waislamu wengi, na zote zina historia na polisi. Aprili 2014 operesheni ya Usalama Watch, ya kusaka washukiwa wa ugaidi, ilizoa maelfu ya watu Eastleigh wakawekwa uwanja wa Kasarani. Hapa kwetu Februari ya mwaka huo huo polisi waliingia Msikiti Musa pale Majengo, na mahali pote pale hakuna familia isiyokuwa na kumbukumbu yake. Miaka sita baadaye unarudi na vizuizi na sare zile zile, safari hii unasema nimekuja kukuokoa. Inawezekana kabisa umekuja kumwokoa. Lakini yeye anaona nini kutoka dirishani? Hiki ndicho kitu ambacho grafu ya maambukizi haikuonyeshi, na mtu wa afya ya umma asiyekijua atashangaa kila mara kwa nini watu wanamfungia milango.

Kabla ya Mji wa Kale ilikuwa feri. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, na Machi 27 ikawa siku ya kwanza ya kafyu, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa wasioijua Mombasa, mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani njia yake wakati ule ilikuwa feri, hakuna nyingine ya maana, na jioni pale panajaa mpaka unabebwa na watu bila kupiga hatua. Ukimwambia kila mtu awe nyumbani saa moja na waajiri wanafungua watu saa kumi au kumi na moja, wewe mwenyewe umewaita wote waje kivukoni wakati mmoja. Na ndivyo ilivyokuwa. Polisi wakarusha vitoa machozi wakapiga watu marungu, na kafyu yenyewe bado haijaanza. Picha zake zilizunguka dunia. Watu wameamrishwa walale chini wamerundikana, wanakohoa, macho yanawatoka machozi wanajifuta nyuso kwa mikono, na hii ndiyo hatua iliyowekwa ili watu wasikaribiane.

Mamangu ana genge kisiwani. Tangu siku ile akawa anafunga saa saba, saa nane mchana ili awahi kuvuka kabla ya msongamano, na muuza mboga biashara yake ni jioni watu wakitoka kazini, kwa hivyo kafyu iliyoandikwa saa moja usiku kwake yeye ilikuwa inaanza mchana wa jua kali. Nyanya zinaoza. Akizileta nyumbani tunakula sisi. Hakuna mtu Nairobi aliyekaa akaamua mama wa genge wa Likoni apoteze nusu ya siku, lakini mstari uliochorwa ulimkata yeye katikati, na angeulizwa angesema mapema. Baadaye serikali ikajenga lile daraja la kuelea la wanaotembea kwa miguu pale Liwatoni, likaanza kutumika mwanzoni mwa 2021, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni kupunguza msongamano wa feri kwa ajili ya korona. Mimi hilo nalichukulia kwa uzito sana. Maana yake ni kwamba hatua ya afya iliyofaa pale kivukoni ilikuwa ni ya uchukuzi, si ya marungu, na ingeweza kufikiriwa hivyo kutoka mwanzo kama aliyepanga kafyu angekuwa amewahi kusimama pale saa kumi na moja jioni.

Sasa ukianza kusoma historia yake unakuta hii mistari ni ya zamani na bahari yetu imo ndani. Mwaka wa 1851 nchi 12, za Ulaya pamoja na Uturuki ya Uthmaniya, zilikutana Paris kuzungumza kipindupindu na karantini, na kila nchi ilituma watu wawili, daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja. Hii habari niliisoma nikarudia tena, kwamba tangu mkutano wa kwanza kabisa wa afya ya kimataifa walijua daktari peke yake hatoshi. Na kilichowauma zaidi kilikuwa biashara, meli kukaa bandarini siku na siku zinangoja karantini iishe. Ilichukua miaka 41, mpaka 1892, ndipo wakakubaliana mkataba wa kwanza uliofanya kazi, na wenyewe ulihusu Mfereji wa Suez. Katikati hapo 1865 kipindupindu kikazuka wakati wa Hija kikafika Misri na Ulaya, mwaka uliofuata mkutano ukafanywa Istanbul, na kufikia 1882 Waturuki wakawa na kituo cha karantini kisiwa cha Kamaran kwenye Bahari ya Shamu ambapo mahujaji wanaokuja kutoka upande wa Bahari ya Hindi walishushwa na kuwekwa. Meli ya mizigo ikitafutiwa njia ya kupita haraka, hujaji anashushwa kisiwani. Mababu zetu wa pwani hii waliokwenda Makka kwa jahazi na meli walisafiri katika dunia hiyo, na mimi nilimaliza shule ya upili bila kuisikia hata siku moja.

Kuna daktari Mwingereza, James Christie, alikuwa akifanya kazi Unguja kipindupindu kilipoingia 1869, na badala ya kukaa akitazama maji na hewa peke yake akawa anauliza wafanyabiashara wa misafara na wa majahazi walikopita na walichokiona, akaweza kufuata njia ya ugonjwa kutoka Bahari ya Shamu mpaka bara na kushuka pwani. Elimu yake kubwa aliipata kwa watu waliokuwa wakisafiri. Hilo nalipenda. Lakini wakoloni walipokuja kutawala kabisa, hali ikageuka. Cape Town 1901 tauni, maradhi yanayoenezwa na viroboto wa panya, ilipozuka Waafrika walihamishwa kwa nguvu kupelekwa Uitvlugt, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni, na tauni ilipokwisha hawakurudishwa. Nairobi 1902 bazari ya Wahindi ikachomwa moto kwa sababu ya tauni. Halafu 1913 akaletwa mtaalamu anaitwa William Simpson kuangalia usafi wa miji ya Afrika Mashariki, akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae sehemu mbalimbali, na sababu aliyotoa ni afya. Mstari wa ugonjwa ukawa mstari wa rangi na ukabaki kwenye ramani ya mji muda mrefu baada ya panya kufa. Kwa hivyo mtu akiniambia siasa imeingilia afya, namuuliza ni lini iliwahi kutoka.

Kuna msichana darasani kwetu babake ni dereva wa trela, kutoka bandarini Kilindini mpaka Kampala na mbele. Tulipofika mada ya mipaka yeye ndiye aliyetufundisha kuliko leksha. Aprili na Mei 2020 malori yalipanga foleni Malaba, mpakani na Uganda, kilomita na kilomita, madereva wanalala chini ya gari, wanapikia kando ya barabara, wanangoja majibu ya vipimo, na vijijini njiani watu wakawa wanawaogopa hata kuwauzia chakula. Ugali wa nchi nzima na mafuta ya nchi jirani yamebebwa na watu hao hao wanaofukuzwa. Halafu zikaja siasa za hesabu. Uganda mwezi wa Mei ikaamua madereva wa kigeni wanaopatikana na virusi mpakani wasihesabiwe ndani ya idadi yake, na idadi ya nchi ikashuka kwa siku moja bila mgonjwa hata mmoja kupona. Tanzania nayo ilikuwa imeacha kutangaza takwimu tangu mwisho wa Aprili. Na Kenya Mei 16 ikafunga mipaka yake na Tanzania na Somalia, ila mizigo iendelee kupita. Yule dereva mmoja, mwili wake ni ule ule, pua iliyochomwa kile kijiti cha kipimo ni ile ile, lakini ukiuliza yeye ni mgonjwa wa nchi gani unapewa jibu tofauti kila upande wa kizuizi. Msichana alisema babake alikuwa akipiga simu nyumbani anauliza, leo wamesema niko wapi?

Hapa ndipo mimi hutofautiana na baadhi ya wenzangu. Kuna wale wanaofika mwisho wa yuniti wanasema basi yote ni siasa tu, ugonjwa ni kisingizio. Mimi siwezi kusema hivyo. Nimezika watu. Korona iliua, kipindupindu kinaua mtoto kwa saa chache, na Ebola ile ya Afrika Magharibi kuanzia 2014 iliondoka na zaidi ya watu 11,000. Kutofunga chochote pia ni uamuzi na una maiti zake, na kuchelewa vilevile. Ukimwi kisa cha kwanza Kenya kilijulikana 1984, na Rais Moi akatangaza ni janga la kitaifa Novemba 1999. Miaka 15. Hakuna barabara iliyofungwa, hakuna askari aliyesimama popote, na ile miaka 15 ya kunyamaza nayo ilikuwa siasa ya janga la afya, pengine mbaya kuliko zote tulizosoma.

Kilichonisaidia kupata msimamo wangu ni West Point, mtaa wa mabanda pale Monrovia, Liberia. Agosti 20, 2014 serikali iliamka ikaufunga wote kwa sababu ya Ebola, makumi ya maelfu ya watu, asubuhi wanaamka wanakuta askari na seng'enge. Wakaaji wakaandamana, askari wakapiga risasi, mvulana wa miaka 15 akafa. Bei ya chakula ndani ikapanda. Siku kumi baadaye serikali ikaondoa kizuizi kabla ya muda waliousema wenyewe. Halafu ndipo likaja jambo ambalo halipati picha nyingi, wenyeji wakajipanga wenyewe, vijana wa mtaa wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaumwa na nani amesafiri, viongozi wa dini wakakubaliana na watu wa afya namna ya kuzika ambayo haiambukizi na haimvunjii maiti heshima, na ugonjwa ukaanza kushuka. Bado watu walitengwa. Bado mistari ilikuwepo. Lakini iliyochorwa na mtu anayejulikana mtaani, aliyekuja na mchele, watu waliikubali. Na serikali ile ile, nchi ile ile, ndani ya miezi michache tu.

Kwa hivyo mimi sipingi kufunga. Napinga kufungwa kama ng'ombe zizini, bila kuulizwa maji yatatoka wapi.

Na maji hapa Mombasa si neno dogo. Tuliambiwa tuoshe mikono kila saa, na mji huu hutegemea maji ya mabomba ya mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho, Marere, na hayatoshi tangu mimi nizaliwe. Mtaani kwetu bomba likitoa maji watoto hushangilia. Siku nyingi ni visima vya maji ya chumvi na mkokoteni wa mitungi ya lita 20, bei yake inapanda na kushuka kwa mhemuko wa siku. Ukitaka kujua kwa nini kipindupindu hurudi Mombasa kila baada ya miaka michache usianzie hospitali, anzia hapo. Tena uliza ni bajeti ya nani, manake ukiwauliza kaunti watakuambia vyanzo viko kaunti nyingine, na ukiwauliza wa kitaifa watakuambia maji yamegatuliwa.

Ugatuzi wenyewe ni somo zima. Katiba ya 2010 ilipeleka hospitali kwa kaunti 47 na ikaacha sera na hospitali kuu za rufaa kwa serikali ya kitaifa. Nzuri kabisa kwa karatasi. Lakini madaktari walisaini mkataba wao wa mishahara 2013 na Wizara ya Afya, kaunti zikasema sisi hatukuwepo mezani, na Desemba 2016 mgomo ukaanza ukaenda siku 100, viongozi wa chama chao wakatiwa ndani Februari. Madaktari wakarudi Machi, Juni wauguzi wakatoka, mpaka Novemba. Mwaka huo huo wa 2017 homa ya dengi ilikuwa inasumbua Mombasa, na mwisho wa mwaka ikaingia chikungunya. Yaani mbu wako kazini na hospitali za umma hazina watu. Nyanya yangu aliumwa viungo wakati ule mpaka akawa anashuka kitandani kwa kusaidiwa, na tulimpeleka kwa duka la dawa kwa sababu hakukuwa na pengine pa kumpeleka. Hakuna waziri aliyesimama kwa televisheni kila jioni kusoma hesabu ya watu kama nyanya yangu. Janga halikutangazwa, kwa hivyo halikuwa janga.

Hii ndiyo sehemu naiona ina uzito kushinda zote na haisisimui mtu, kipindi cha kati, wakati hakuna king'ora. Pesa za 2020 zilivyoliwa katika ununuzi wa vifaa pale KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali, mkaguzi mkuu akachunguza mikataba ya shilingi bilioni 7.8, mitaani watu wakasema mamilionea wa korona, unadhani kampeni ya chanjo ya 2021 ilipoanza mtu alisahau? Dozi za kwanza ziliingia Machi 2021, milioni moja na kitu kwa nchi ya karibu watu milioni 50, na zilichelewa kwa sababu nchi tajiri zilishanunua foleni yote ya mbele. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na vijana waliokuwa wakitembelea wagonjwa wa Ukimwi mitaani wakaambiwa wakae nyumbani. Desemba mwaka huo huo Kenya na Marekani zikasaini mpango mpya wa afya na Mahakama Kuu ikasimamisha kwanza ile sehemu ya kupeana data za wagonjwa. Ukiiangalia vizuri na huo ni mstari, ila umechorwa Washington na Nairobi, na ndani yake limo faili la mtu wa Kisauni.

Mjomba, kazi ipo. Kuna maafisa wa afya ya umma wa kaunti, kuna wanaoandika bajeti, kuna bunge la kaunti ambalo vikao vyake vya kuuliza maoni ya wananchi huenda watu wachache sana, mimi nimeanza kuhudhuria na wakati mwengine tunakaa viti vitupu vitupu huku mamilioni ya dawa yanapitishwa kabla ya adhuhuri. Mtu aliyesomea haya akikaa pale anajua aulize nini. Si lazima nigombee kiti.

Kwa sasa ninaandika utafiti wangu wa mwisho na nimechagua Mji wa Kale, Mei na Juni 2020. Sitaki kuandika tena kuhusu askari, hayo yameandikwa. Nataka kujua watu waliishi vipi ule mwezi, nani alipanga, mstari ulipita mtaa gani hasa na nani aliulizwa kabla haujapita. Mama mmoja karibu na Ndia Kuu ambaye huoka mikate ameshanieleza jinsi unga ulivyokuwa unaachwa upande mmoja wa kizuizi na mtu wake anakuja kuubeba kutoka upande wa pili, na jinsi askari mmoja wa zamu ya asubuhi alivyokuwa akimsaidia kuinua magunia, na wa zamu ya jioni alivyokuwa akimrudisha. Mzee mmoja wa msikiti amenieleza walivyogawa futari kwa zamu bila watu kukusanyika, walivyoandika majina ya nyumba zenye wazee peke yao wakawa wanagonga milango. Hayo hakuyapanga mtu wa wizara, na hakuna ripoti iliyoyaandika.

Sura mbili bado zina pengo, ya maji na ya mazishi. Wauza maji niliowapata walikuwa nje ya vizuizi, sijapata hata mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni ndani. Na familia zilizozika mwezi ule, naelewa wakiwa hawataki kuongea, lakini kama kuna aliye tayari niko tayari kumfuata popote, jioni baada ya alasiri ndio nafasi yangu nzuri, na jina lake sitaliandika.